Injinia Aliyeacha Programu

Injinia hakumkubali mtu aliyesema ameelewa. Ukimwambia, "Nimeelewa, Madam," alikutazama kwa huruma kidogo, kama anayemwona mtu amevaa sweta ndani nje na hajui, kisha akasema, "Usiniambie. Fanya nione." Hapo ndipo ulipogundua kwamba hujaelewa kitu.

Alikuwa na nadharia yake kuhusu neno "sawa". Alidai Machakos ina sawa nne. Ipo sawa ya mtu aliyeelewa, nayo ni adimu. Ipo sawa ya adabu, ambayo hupewa mgeni na yeyote mwenye viatu safi. Ipo sawa ya "niache niende zangu, mbuzi hawajanywa maji". Na ipo sawa ya mtu aliyekasirika, ambayo hutamkwa mara mbili akiwa ameshakupa mgongo. "Mimi naandikia hao watatu wa mwisho," aliniambia. "Huyo wa kwanza hanihitaji."

Tulifanya kazi pamoja miaka minane hivi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya tisini, kwenye ghorofa ya kwanza ya jengo lililokuwa na duka la mabati na misumari chini yake, si mbali na soko la Machakos. Kampuni yetu ilikuwa ndogo, watu watano na kompyuta tatu, na ilizitengenezea shule, kliniki na vyama vya ushirika programu za kompyuta. Yeye ndiye aliyekuwa injinia wake wa kwanza wa programu. Kisha akaacha. Hakuacha kampuni, aliacha programu. Alihamisha kiti chake kutoka dirishani hadi kwenye pembe ya kabati la karatasi, akawa mwandishi wa maelezo, yaani zile kurasa zinazomwambia mtumiaji abonyeze nini, aone nini, na asipokiona afanyeje. Watu hawakuacha kumwita Injinia. Kwetu cheo ni kama jina la utani, kikishakushika hakikuachii.

Kwa nini mtu anayelimudu jambo gumu aliache akafanye lile linaloonekana jepesi? Kila mtu aliuliza hivyo. Mimi nilikuwa na sababu ya kuuliza kuliko wote, na ni afadhali niiseme mapema. Kabla ya kufanya kazi na Injinia, nikiwa bado msichana, nilikuwa karani wa chama cha wakulima wa kahawa huko kwetu milimani, na nilifukuzwa kwa kosa lililotokea ndani ya programu aliyoiandika yeye. Watu walisema nilihongwa. Nilitaka kujua kama kosa lile lilikuwa langu. Miaka minane nilikaa meza moja na mtu aliyekuwa na jibu, na sikumuuliza.

Ilitokea hivi. Chama chetu kilinunua kompyuta, majina ya wanachama yakatolewa kwenye daftari kubwa lililoliwa na mende, yakaingizwa humo. Kijana mmoja wa miaka kumi na tisa akaja kujiandikisha, kwa kuwa baba yake alikuwa amemkatia mistari kadhaa ya kahawa. Nikaandika jina lake. Skrini ikasema kwa Kiingereza kwamba jina hilo lipo, je, niendelee? Nikachukua karatasi ya maelezo iliyoachwa na Injinia, ukurasa mmoja, ikasema: ukiulizwa kama uendelee, bonyeza Y. Nikabonyeza Y. Kijana akashukuru, akaenda.

Sasa, anayejua Ukambani atakuwa ameshacheka au ameshashika kichwa. Kwetu mtoto hupewa jina la babu yake. Mzee akiwa Kioko mwana wa Nzioka, mwanawe atakuwa Nzioka wa Kioko, na mjukuu atarudi kuwa Kioko wa Nzioka, herufi kwa herufi. Mama wa mtoto kama huyo hata hamwiti kwa jina, kwa heshima ya baba mkwe wake, humwita "mzee" tangu akiwa ananyonya. Babu wa kijana wetu alikuwa hai, tena mwanachama tangu chama kinaanzishwa. Nilipobonyeza Y, kompyuta haikumwongeza mjukuu. Ilimwandika juu ya babu.

Hakuna aliyejua hadi siku ya kuchagua kamati. Mzee alikuja amevaa koti, akapanga foleni ya kupiga kura, na alipofika mezani akaambiwa, "Mzee, hapa unaonyeshwa una miaka kumi na tisa." Watu wakacheka. Kisha mtu akakumbuka kwamba mzee yule alikuwa akimpinga mwenyekiti waziwazi, na kicheko kikaisha. Akatolewa kwenye foleni. Alisimama kando ya mashine ya kumenyea kahawa mpaka uchaguzi ukamalizika, na mwenyekiti akarudi madarakani kwa tofauti ya kura chache. Wiki hiyo hiyo kamati ikatangaza kwamba karani alifuta jina kwa makusudi. Hawakusema ni nani aliyemtuma. Hawakuhitaji kusema, kila upande ulijijazia.

Nilirudi nyumbani, na mama hakuniuliza kitu. Hilo liliniumiza kuliko matusi. Mama yangu alikuwa mtu wa kuuliza, alikuuliza hata ulichoota, na sasa aliniwekea chakula akaangalia pembeni. Kanisani alianza kukaa upande wa ukutani.

Wiki sita baadaye Injinia alipanda mlima kuja kwetu. Nilikuwa sijawahi kumwona ila mara moja, siku alipoleta kompyuta. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alibeba kipande cha katoni kwapani. Alimsalimu mama vizuri, akakataa kiti cha ndani, akakaa kwenye kigoda uani na kuifunua ile katoni. Alikuwa amechora vitufe vyote vya kompyuta kwa kalamu nyeusi, kila kimoja mahali pake.

"Nionyeshe ulibonyeza nini," akasema. "Pole pole. Anza pale kijana aliingia."

Nikabonyeza katoni. Nilihisi mjinga, kidole changu kikigusa herufi zisizobonyea, mama akiwa amesimama mlangoni na ungo mikononi kama shahidi. Nilipofika kwenye Y, Injinia akasema, "Hapo ulikuwa unafikiria nini?" Nikamwambia nilikuwa sifikirii, nilikuwa nasoma karatasi yake. Akaandika hilo. Akauliza karatasi ilikuwa upande gani wa meza. Akaandika. Akasema "Nĩ mũvea," asante ya kwetu, akakunja katoni yake, akashuka mlima. Hakusema nilikosea. Hakusema sikukosea. Mama akaniuliza, "Huyo ni wa polisi?"

Baada ya wiki mbili nilipata ujumbe kwamba kuna kazi mjini, ya kusoma. Nilidhani ni mzaha.

Haikuwa mzaha. Kazi yangu ilikuwa kusoma alichoandika Injinia na kufanya kila kilichosemwa, na kisichosemwa nisikifanye. Aliita cheo changu Msomaji, akaniita hivyo hivyo, "Msomaji, kuja hapa." Alikaa nyuma yangu, mikono ameikalia ili asije akanionyesha. Nikikwama, hakunisaidia. Alichukua kalamu akaurekebisha ukurasa. Siku ya kwanza nilikwama mara kumi na moja kwenye kurasa mbili nikaanza kulia kwa aibu, nikidhani nafukuzwa tena. Akashangaa kweli. "Unalia nini? Hii ndiyo kazi nzuri nimeona mwaka huu."

Kwa nini alinichukua mimi? Nilijiuliza hilo kila mara aliponisifu. Ilikuwa ni huruma, au dhamiri ilimsuta, au nilikuwa na kipaji kisicho cha kawaida cha kutoelewa? Nilitamani iwe hicho cha tatu.

Kuhusu kuacha kwake programu, mji ulikuwa na majibu mengi. Jirani yetu wa duka la chini alisema amefukuzwa na kupewa kazi ya kupoteza wakati mpaka astaafu. Wanawake wa kanisani kwake walisema ni macho, kompyuta humnyonya mtu macho, wakamwombea. Kaka yake, ambaye ndiye aliyemlipia masomo, alikuja ofisini akaongea kwa sauti iliyofika barabarani: "Nilikusomesha uwe injinia, sasa wewe ni wa kuandika barua?" Yeye akamjibu kwamba si barua, ni maelezo. Kaka akasema, "Tofauti ni gani?" Injinia akafikiri, kwa kuwa swali lolote alilichukulia kwa uzito hata la mtu mwenye hasira, akasema, "Barua ukikosea, mtu anakuandikia tena kuuliza."

Mkurugenzi wetu naye alikuwa na msemo wake. Alisema Injinia ni fundi wa kujenga nyumba aliyeamua kuandika vibao vya "vuta" na "sukuma" milangoni. Alisema akitabasamu, lakini nilikuwa naona hamtazami machoni anaposema. Kijana aliyechukua kiti cha dirishani, programa mwerevu kutoka Nairobi, alikuwa akimwonea huruma. Alimletea chai kama anayemletea mgonjwa. Ilimchukua mwaka mzima kugundua kwamba programu zake zilizoenda na kurasa za Injinia hazirudi na malalamiko, na zilizoenda bila kurasa zake hurudi zikichechemea.

Injinia alikuwa na mambo aliyoyakataza. Lililokuwa na bahati mbaya kuliko yote ni neno "tu". Ukiandika "bonyeza tu hapa", alilifuta kwa mistari mitatu. "Hiyo ni jeuri. Umeshamwambia mtu ni rahisi, sasa akishindwa atajiona yeye ndiye mbaya. Mwache abonyeze, atajua mwenyewe kama ni rahisi." Pia hakutaka kurasa zianze na hongera. Tuliletewa mwongozo wa mashine fulani kutoka ng'ambo ulioanza kwa kumpongeza mnunuzi. Akausoma kwa sauti, akacheka hadi akavua miwani. "Wanampongeza na bado hajawasha."

Alitaka pia kila ukurasa useme kitakachopotea. Hili alikuwa hana mchezo nalo. Palipokuwa na kitufe cha kufuta au kubadilisha, aliandika kwanza, kwa herufi kubwa, ni kitu gani kitaondoka na kama kinaweza kurudi. Mkurugenzi alilalamika kwamba tunawatisha wateja. "Waogope," akasema Injinia. "Mtu akiogopa anauliza."

Mwaka mmoja tulipelekwa Athi River, kwenye kiwanda cha kushona nguo, kuandika maelezo ya programu ya stoo. Injinia alikataa kuandika kitu siku tatu. Alikaa kwenye mzigo wa vitambaa na kuwasikiliza vijana wa stoo, ambao Kiswahili chao kilimpita juu ya kichwa kama ndege. Mara kwa mara alininong'onezea, "Amesema nini?" Siku ya nne aliandika ukurasa mmoja na kumpa msichana aliyekuwa akipokea mizigo, msichana mchangamfu ambaye tangu tufike alitusalimia "Niaje wasee", salamu ya vijana kwa vijana, bila kujali umri. Msichana akausoma, akaingiza mzigo mzima, hakukwama. Akaugeuza ukurasa nyuma kuangalia kama kuna zaidi.

"Madam, ni hii pekee?" akauliza.

"Ni hiyo."

"Zile za kwanza tulipewa zilikuwa kitabu mzima. Sisi hatukuwa tunasoma, tulikuwa tunaotea."

"Na mkiotea vibaya?"

"Tunasema ni system."

Injinia aliyarudia maneno hayo njiani, mara kadhaa, na nilimwona hayamfurahishi. "Wao wanasema ni system," akasema hatimaye. "Kuna pahali system inasema ni wao." Nilingoja aendelee. Akafungua dirisha, akaanza kuzungumza juu ya vumbi la simenti.

Nisije nikamfanya malaika. Injinia huyu aliyewaandikia wenzake maelezo hakusoma maelezo ya mtu mwingine hata siku moja. Alinunua sufuria ya presha, akatupa karatasi yake jalalani pamoja na boksi, na maharagwe ya kwanza yakaishia kwenye dari. Alituonyesha doa hilo kwa fahari. Alikuwa hawezi kukuelekeza kwake. Alisema "pinda pale", na ukimuuliza wapi, akasema "pale, si utaona". Meza yake ilikuwa rundo la karatasi na maganda ya njugu. Mtu akimkatiza kusoma alikuwa mkali, na akishakukaripia hakujua kuomba radhi. Alikuletea ndizi badala yake. Ukikuta ndizi mezani ulijua amekosea, na ulijua pia hutalisikia neno la radhi likitoka kinywani mwake. Wote tulilijua hilo, tukalicheka, tukala ndizi.

Na programu, je, aliziacha moyoni? Siku moja programa alikwenda kula, nikamkuta Injinia amesimama mbele ya kompyuta ya dirishani, kichwa ameinamisha, anasoma mistari ya kijana yule jinsi wengine wanavyosoma barua ya mpenzi wa zamani. Mikono alikuwa ameifunga nyuma.

"Unarekebisha?" nikamuuliza.

"Sigusi," akasema. "Naangalia tu."

Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akilitumia neno hilo.

Mama yangu alifariki tukiwa mwaka wa tano pamoja. Aliugua muda mfupi. Siku za mwisho alikuwa akiniombea kwa sauti, na ombi moja lilirudi kila mara, kwamba Mungu amsamehe mwanawe kwa ile kura. Nilimwambia, "Mwaitu," yaani mama, "sikufanya." Akanipapasa mkono, akasema, "Sawa." Nilikuwa nimeshafanya kazi na Injinia vya kutosha kujua kwamba sawa ile ni ya pili, ya adabu.

Injinia alikuja mazishini. Nilimwona amesimama nyuma kabisa, karibu na migomba, amevaa kitambaa cheusi. Wakati wa watu kutoa salamu zao alisogea mbele hatua chache, nikadhani anakuja kusema kitu kwa niaba ya ofisi. Kisha akarudi nyuma. Chakula kilipotolewa hakuwapo. Nilipofika kazini baada ya siku kumi nilikuta ndizi mezani, mkungu mzima, na nikashangaa, kwa kuwa hakuwa amenikosea kitu.

Miaka mitatu baadaye macho yalimlazimisha kustaafu kweli, kanisa likapata la kusema. Alirudi Mwala, kwenye shamba lake kavu lenye mbuzi kumi na saba, nami nikabaki kwenye pembe ya kabati. Sasa mimi ndiye niliyekuwa mwandishi. Nilipomaliza mwongozo wangu wa kwanza wa peke yangu, wa kliniki moja, niliona siwezi kuutoa kabla hajausoma. Nikaenda hadi Mwala kumpelekea.

Nilimkuta kwenye bwawa la mchanga, pale mtoni ambapo ukuta wa saruji huzuia mchanga na mchanga hutunza maji. Alikuwa amefukua shimo dogo na anangoja lijae ili anyweshe mbuzi. Alikaa kwenye ukuta, akasoma kurasa zangu zote akiwa amezisogeza karibu na pua. Sikukalia mikono yangu, lakini nilitamani. Mwishowe akazipanga, akaweka jiwe juu ili upepo usizichukue.

"Hakuna kitu nafuta," akasema.

Nimepewa sifa nyingine maishani, sikumbuki hata moja. Labda furaha ndiyo iliyonifungua kinywa.

"Injinia, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Ile siku nilibonyeza Y. Nilikosea?"

Aliwaangalia mbuzi. Mmoja alikuwa ameshaingiza mdomo shimoni, naye hakumfukuza.

"Hukukosea," akasema. "Ulifanya vile niliandika. Niliandika 'endelea' na sikusema kitu itapotea. Tena niliweka majina peke yake, bila nambari ya kitambulisho. Mimi Mkamba. Mimi mwenyewe niko na jina ya nyanya yangu, na ya baba yake nyuma. Nilifuata mfano ya Nairobi, sikufikiria kwetu."

"Ulijua lini?"

"Kabla nije kwenu na katoni. Nilikuja kuhakikisha. Nilitaka ikuwe wewe, kidogo. Ulipobonyeza, nikaona ni mimi peke yangu."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanieleza bila kujipamba. Alikwenda kwa Mkurugenzi siku iliyofuata, na Mkurugenzi akamwambia kampuni ikikiri, vyama vingine vitarudisha programu na watu watano watakosa kazi, na kwamba karani ni kijana, atapata kazi nyingine. "Nikanyamaza," akasema. "Halafu nikakuletea hiyo kazi ingine mimi mwenyewe. Nikamwambia Mkurugenzi siandiki programu tena. Nilifikiri hiyo ni kukubali kosa. Nilifikiri watu wataona, Injinia ameacha, basi kuna kitu aliharibu, basi yule karani hakuwa na makosa."

"Hakuna mtu alisoma hivyo."

"Hakuna. Walisoma macho, walisoma kufutwa kazi, walisoma wazimu. Na wewe ulisoma nini?"

"Sikusoma kitu. Nilikuwa nangoja uniambie."

Nilikasirika, na sitaki kulificha hilo nyuma ya heshima. Nilimpenda mtu huyu na nilimchukia pale pale ukutani, vyote kwa wakati mmoja. Nilimwambia mama yangu alikufa akiniombea msamaha wa kosa lake yeye. Nilimwambia miaka minane amenifundisha kwamba kisichoandikwa hakijasemwa, na sentensi moja fupi ilimshinda.

"Ilinishinda," akasema. "Siku ya mazishi nilikuja nayo mdomoni. Nikaona watu ni wengi."

"Baba yangu bado yuko."

Aliliondoa jiwe, akanirudishia kurasa zangu. Mbuzi walikuwa wamelimaliza lile shimo. Kisha akasema, "Jumamosi."

Jumamosi alipanda mlima kwa miguu, akipumzika kila baada ya mita chache, maana hakuwa tena mtu wa milima. Baba alimkaribisha uani. Masikio yake yalikuwa yameanza kuziba wakati huo, kwa hiyo ilibidi kukaa karibu naye na kupaza sauti. Nilileta chai. Injinia akasema hatakunywa kabla hajasema alichokuja kusema. Alitoa karatasi mfukoni, akaiangalia, macho yakamkatalia, akairudisha. Walizungumza Kikamba, nami nakiweka hapa kwa Kiswahili.

"Mzee, ile kura ya chama, jina la mzee mwenzako lililopotea. Nililipoteza mimi. Niliitengeneza mashine vibaya na nikaandika maelezo mabaya. Msichana wako alifuata nilichoandika. Hakuna aliyempa kitu. Nilijua tangu mwanzo, nikanyamaza."

Baba alikuwa akimtazama mdomo. "Kwa hivyo si yeye?"

"Si yeye. Ni mimi."

"Na mama yake aliambiwa?"

"Hapana, mzee. Sikumwambia."

Baba aliitafuta fimbo yake chini ya kiti, akainuka, akazunguka nyumba kuelekea nyuma, kwenye kaburi la mama kando ya kahawa. Injinia akaanza kuinuka amfuate, nikamshika mkono akakaa. Mimi nilikuwa nalia.

Tukamsikia baba kutoka tulipokaa, kwa kuwa siku hizo hakuwa na sauti ndogo. Alimwita mama kwa jina lake la ujana, akamwambia kwamba si mtoto. Kisha akasema tena, kwa sauti ya juu zaidi na pole pole, kama mtu anayezungumza na mwenzake asiyesikia vizuri, kwamba si mtoto, haikuwa mtoto, mtoto hakufanya.